Nafasi Kwenye Benchi la Nyuma

Jumapili ya juzi niliingia tena kanisani kwetu Igogo, baada ya miaka ambayo naona aibu kuihesabu mbele yako. Siku hizi kuna vigae sakafuni, feni darini, na viti vya plastiki vimepangwa hadi mlangoni. Nilisimama nikitafuta benchi la nyuma. Msichana anayepokea wageni akadhani nimepotea. "Shikamoo mama, mbele kuna nafasi," akaniambia. Nikaitikia marahaba, lakini miguu ilikataa.

Benchi lile lilitengenezwa kwa mbao za mtumbwi uliopasuka, na mvua ikinyesha lilinuka samaki. Lilikuwa la waliochelewa, la akina mama wenye watoto wanaolia hovyo, na la waliotengwa. Kama hukukulia katika kanisa la namna ile, nikueleze: ukionekana umeanguka, wazee wa kanisa wanakuita, jina lako linasomwa Jumapili mbele ya watu wote, kisha unakaa nyuma bila kushiriki meza ya Bwana mpaka muda wako uishe.

Bibi aliyenilea hakuwa mtu wa benchi lile. Yeye alikuwa safu ya pili, kilemba kimekaa sawasawa. Siku za kazi alianika dagaa kwenye mchanga wa ziwa, chini ya majabali ya kwetu. Ndiyo ile miaka ya tisini, viwanda vya minofu vinafunguliwa kando ya ziwa, nyama ya sangara inapanda ndege, sisi tunabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa. Bibi aliyakaanga mpaka yakavunjika yenyewe mdomoni, tukayala na ugali wa muhogo, na sala yake ya chakula ilikuwa ndefu hadi ugali unapoa. Jumamosi tulikwenda kufagia kanisa. Mimi nilifuta mabenchi, yeye alifagia huku akiimba, na sauti yake, Mungu anisamehe, haikuwa nzuri hata kidogo.

Nilipokuwa na miaka saba nilishikwa na homa isiyosikia dawa. Zahanati tulikwenda, mchungaji akaja kuniombea, homa ikawa inaondoka asubuhi na kurudi jioni. Bibi alikuwa ameshamzika mama yangu kwa homa kama hiyo. Nadhani hofu ilimzidi. Siku moja akanipeleka kwa mganga kule Mkolani, mara ananibeba mgongoni, mara ananishusha. Tulirudi nikiwa na hirizi ya kitambaa cheusi kiunoni. "Hii usimwonyeshe mtu," aliniambia. Kwa dawa za zahanati, kwa maombi au kwa nini, sijui, lakini wiki ile homa ilikoma.

Nikarudi shule ya Jumapili. Mwalimu akataka kila mtoto asimame amshukuru Mungu kwa jambo moja. Wenzangu wakashukuru kwa viatu vya mitumba, kwa kufaulu hesabu. Mimi nilitaka langu liyazidi yao yote. Nikasimama, nikasema Mungu ameniponya kwa mganga wa Mkolani, na ili waamini nikapandisha blauzi nikawaonyesha hirizi. Mwalimu aliweka chaki chini.

Wiki mbili baadaye jina la Bibi likasomwa. Miezi sita. Alisimama, akakiri kosa kwa sauti, hakunitaja mimi wala homa, kisha akatembea peke yake hadi benchi la mtumbwi. Nyumbani nilingoja fimbo. Badala yake alinichemshia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa nilivyovipenda, akakata hirizi kwa kisu cha samaki na kuitupa motoni.

"Wewe umesema kweli," aliniambia. "Niliyeficha ni mimi."

Miezi ile ilikuwa mirefu. Akina mama waliozoea kuchambua dagaa pamoja naye walihamisha mikeka yao upande wa pili. Mlangoni kwetu hakuna aliyebisha hodi. Tulisikia redio ya jirani na mawimbi, basi. Jumamosi ya kwanza nilidhani hatutakwenda popote, nikamwona anachukua fagio.

"Bibi, si umetengwa?"

"Nimetengwa mimi. Fagio halijatengwa. Twende."

Sasa nikwambie linaloniuma. Kila Jumapili, kwenye benchi lile, Bibi aliacha nafasi upande wake wa kushoto, upana wa mtoto, akaweka hapo kitabu chake cha nyimbo. Niliiona nikiingia, nikajua ni nafasi yangu. Mimi niliyempeleka kule nyuma kwa mdomo wangu nilikaa mbele na wenzangu, nikiogopa kuitwa mtoto wa mganga, na wala sikugeuka. Miezi sita sikwenda kukaa naye hata mara moja.

Siku alipofunguliwa adhabu yake alishiriki meza ya Bwana, akina mama wakamsogelea, wakampisha kwenye safu ya pili. Akawashukuru, akarudi nyuma. "Hapa nimeshapazoea," akasema. "Nikianguka tena sitakuwa na safari ndefu." Walicheka. Yeye alikaa hapo hapo, kila Jumapili, mpaka miguu ilipomkatalia.

Mimi nilihamia Dar es Salaam. Nilianguka mara nyingi kuliko Bibi, na hakuna aliyesoma jina langu, kwa sababu kule hakuna aliyejua kama nipo au sipo. Nilipokuja kumzika, siku ya ibada nilisimama nje ya kanisa na waombolezaji wengine, nikasingizia joto.

Benchi lilipasuliwa kuni zamani, yule msichana aliniambia. Mchanga wetu wa kuanikia dagaa umefunikwa na magugumaji. Wale akina mama wa safu ya pili sikumwona hata mmoja, na waliokuwa wakiimba hawakunijua.

Nikachagua safu ya mwisho kabisa. Niliacha kiti kimoja kitupu upande wangu wa kulia, nikaweka juu yake kitabu cha nyimbo, na mimi nikaketi kushoto kwake. Nimechelewa, Bibi, lakini nimekuja kukaa.