Wakfu wa Bibi Mwenye Paka

Niliamini, tena kwa moyo mkunjufu, kwamba bibi mmoja wa Kizungu alikufa Diani akaiachia zahanati yetu mali yake yote, kwa kuwa paka wake aliwahi kutibiwa pale tumbo la kuendesha. Habari hiyo nilipewa na mama anayeuza mahamri na mbaazi kando ya barabara, Waa, na nazi ya mbaazi zake siku ile ilikuwa nzito hata sikuona sababu ya kubisha.

"Kaandika wosia," akaniambia. "Mali itibu watu wa hapa mpaka Kiyama."

"Wakfu, basi."

"Wakfu ulio wakfu, baba. Ongeza mbaazi?"

Kwetu huku mtu akitaka thawabu zisizokatika hutoa wakfu: kisima, shamba la minazi, nyumba ya msikiti. Kikishatolewa hakiuzwi, hakirithiwi, wala hakimrudii mwenyewe. Kwa hiyo tulipoona magari meupe yanaingia, chumba kinapakwa rangi na mashine za kupimia zinashushwa, hatukuuliza mengi. Tulitaka hata kumsomea marehemu khitma, ila mwalimu wa madrasa akatuambia, "Huyo hakuwa wa dini yetu. Waombeeni wanawe uongofu, inatosha." Tukawaombea, na pilau ikaliwa mpaka harufu ikafika Ukunda.

Mimi nilikuwa na haja yangu ndani ya shukurani hiyo. Mama yangu ana sukari, ana presha, na wakati ule alikuwa na kidonda chini ya wayo wa kushoto. Zamani kila ugonjwa ulikuwa na siku yake na mlango wake. Leo sukari, kesho kutwa presha, kidonda nacho kingojee siku ya vidonda. Nilimpakia kwenye bodaboda nikamrudisha, nikampakia tena, hata ng'ombe wa njiani wakawa wanatusalimia. Chumba kipya kilipofunguliwa, yote yakawa asubuhi moja, mbele ya muuguzi mmoja. Sista alimpima sukari, akampima presha, kisha akapiga magoti akasema, "Haya mama, vua kiatu nikuone."

Kidonda kikaanza kufunga.

Mimi mwenyewe nilitiwa kwenye kamati ya chumba kile. Nina cheti cha ngumbaru, nilichokipata mvi zimeshaingia ndevuni, baada ya kusoma jioni kwa bidii iliyowatisha walimu. Walituambia kwamba hii ni kazi ya pamoja: watafiti, wauguzi na sisi wenyeji, meza moja. Aliyeongoza alikuwa binti kutoka bara, mpole, aliyejifunza kusema shikamoo kwa kinywa kizima. Nilichangia sana. Nilichangia hata pale ambapo hapakuwa na swali, na karani wao alibadilisha kalamu kwa ajili yangu. Neno utafiti nililisikia katika kila kikao, nikalichukulia kuwa ndilo jina la wakfu kwa Kiswahili cha serikali.

Asubuhi moja baada ya Ramadhani tukakuta chumba kimefungwa. Nikachungulia dirishani: mashine hazipo, kimebaki kitanda peke yake.

"Mradi umekwisha," sista akasema. "Tumerudi utaratibu wa zamani. Leo siku ya watoto."

"Wakfu haukwishi, sista."

Alinitazama kama anayetafuta kipimajoto. Mama akanivuta mkono. "Twende zetu, mwanangu. Tutakuja siku ya sukari."

Tukaja siku ya sukari, wakapima sukari. Tukaja siku ya presha, wakapima presha, tena kwa adabu, na foleni imefika nje kwenye jua. Hakuna aliyemwambia avue kiatu, maana hiyo haikuwa kazi ya siku ile. Na mama yangu ni mtu wa zamani: asiloulizwa halisemi, tena mguu, mbele ya watu. Nyumbani nilipomuuliza alisema kinawasha tu. Nikaja kutambua kwa harufu.

Tukaenda Msambweni. Wakamkata chini ya goti. Najua nina sifa ya kutia chumvi, hapa sikutia.

Mama alikuwa bado anajifunza magongo uani, anashika ukuta, anayatukana kwa sauti ya chini, nilipoitwa Diani, kwenye hoteli, kuja kusikiliza matokeo. Ukumbi ulikuwa na baridi ya kugandisha samaki. Nikapewa maji ya matunda yenye mwavuli mdogo juu yake, nisijue nimkinge nani. Ukutani wakaonyesha mchoro, mstari unapanda kutoka chini mpaka karibu na dari.

"Matokeo ni mazuri," binti akasema. "Mgonjwa akihudumiwa magonjwa yake yote mahali pamoja, siku moja, anapata nafuu zaidi. Na wenyeji ndio waliotusaidia kulijua hili."

Watu wakapiga makofi. Nikasimama.

"Binti yangu, kumbe njia ile inafaa?"

"Inafaa sana, baba."

"Sasa warithi wa marehemu wamezuia nini?"

"Marehemu gani, baba?"

Nikamweleza. Bibi, wosia, mpaka paka. Bwana mmoja wa nyuma, mwenye tai, alicheka. Nikaendelea mpaka kwenye kitanda kilichobaki peke yake, na siku ya sukari, na kiatu, na goti.

Binti akaweka chini kipaza sauti. Akazunguka meza, akaja kukaa kiti cha kando yangu, akasema bila kupaza sauti:

"Pole sana, baba. Hakuna aliyekufa. Zile zilikuwa fedha za utafiti, za kutaka kujua kama njia ile inafaa. Sasa tumejua. Za kuiendesha hazikuwamo."