Kufuli la Kwaresima

Kunegunda wa Mshangano hakuwa mtu wa kusamehe. Aliyemkosea mwaka wa njaa alikumbushwa mwaka wa neema, tena mbele za watu. Lakini tumtendee haki: mume aliyekuwa naye angemshinda hata mtakatifu. Gaspari alikuwa dereva wa shirika moja la umma mjini Songea, mtu wa shati lililopigwa pasi. Mashirika yalipoanza kupunguza wafanyakazi naye akapunguzwa, akarudi nyumbani na kiinua mgongo, na kiinua mgongo chote kikaishia kwa jirani yao Adela, aliyekuwa akipika gongo nyuma ya banda la nguruwe.

Gaspari alikunywa kabla ya chai, akanywa mchana, akalala amekunywa. Alilosema leo, kesho halijui. Siku moja alimtukana mama mkwe wake msibani, matusi ya nguoni, halafu asubuhi akamwamkia shikamoo huku anatabasamu. Hapo ndipo roho ya Kunegunda ilipochafuka kabisa. Mwenzake alilewa akasahau, yeye akabaki na matusi yote kichwani, peke yake.

Jumatano ya Majivu akamkokota mpaka kwenye jumuiya yao, akamwapisha mbele ya katekista kwamba hatagusa pombe hadi Pasaka. Waumini wakashangilia. Kunegunda, asiyeamini kiapo cha mlevi, alipofika nyumbani akamsukumia chumba cha nyuma pamoja na uji na ndoo, akatia kufuli, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga.

Kesho yake Gaspari alitetemeka hata kikombe kikamshinda. Jasho lilimtoka kama mtu anayelima. Kunegunda alifurahi, tusifichane. Aliona pombe inamtoka mwilini, na kama inatoka kwa mateso, basi vizuri, naye aonje. Ijumaa Gaspari akaanza kuokota siafu kwenye blanketi, na siafu hawakuwepo.

Mchana huo Adela akaja. Alikuwa amesikia kelele tangu alfajiri. Alisimama karibu na kile chumba, akazungumza kwa upole ambao Kunegunda hakuutaka.

"Mama Fausta, baba wa watoto wangu alikufa hivihivi. Mtu aliyefika pale haachi kwa mara moja. Mpeleke hospitali ya Peramiho leo, la sivyo atakufa."

"Umekosa mteja, ndiyo maana unahangaika," Kunegunda alimjibu. "Akifa, afe hajanywa."

Akamfukuza, kisha akarudi kulitikisa kufuli kuona kama limekaza.

Jioni Gaspari akaanguka kifafa. Alijing'ata ulimi, damu na povu vikachanganyika, akatulia kidogo, akaanza tena. Hapo Kunegunda akafungua. Mume wa binti yake Fausta, mchuuzi wa mahindi huko Bombambili, akaitwa na pikapu yake, wakamkimbiza Peramiho.

Daktari, mwanamke asiye na maneno ya kubembeleza, alimchoma sindano ya Valiamu mpaka mwili ukalegea. Kisha akauliza nani alimfungia. Kunegunda akasema ni yeye, tena alisema kwa kiburi, kwani alikuwa akimwachisha pombe.

"Pombe hutuliza ubongo," daktari akamwambia. "Ubongo ukinyweshwa kila siku, nao hujifunza kusukuma upande wa pili ili mtu asizimike. Ni kama watu wawili wanaosukumana mlangoni. Wewe umemwondoa mmoja ghafla, na huyu mwingine bado anasukuma kwa nguvu zote. Ndiyo kutetemeka, ndiyo siafu, ndiyo kifafa. Dawa hii inafanya kazi palepale pombe inapofanyia. Tutaipunguza taratibu, ubongo utulie."

Kunegunda akauliza kama basi angemwacha aendelee kunywa. Daktari akasema hapana, kuacha ilikuwa lazima, lakini kwa dawa na uangalizi, si kwa kufuli.

Gaspari alipona. Pasaka aliingia kanisani na shati la pasi, na wanajumuiya wakamsifu Kunegunda kwa sala zake. Sifa alizipokea zote. Habari za Adela hakumwambia mtu.

Walipokaa kula pilau, Gaspari akaweka kijiko chini.

"Ijumaa ile Adela alikuja," alisema.

Kunegunda akamjibu upesi kwamba siku hiyo alikuwa hana akili, aliona hata siafu.

"Siafu hawakuwepo, hilo najua. Adela alikuwepo. Alikwambia nitakufa, nawe ukarudi ukatikisa kufuli."

Hakupandisha sauti. Gaspari akanyoosha mkono, akasubiri, mpaka mkewe alipofungua pindo la khanga na kumpa ufunguo.

Tangu siku hiyo hajaonja pombe. Analala chumba cha nyuma, na lile kufuli anatembea nalo mfukoni. Kunegunda aliomba miaka mingi apewe mume mwenye kukumbuka, na sasa anaye.