Kuuguza Pafu la Baba Mkwe

Nilimuuguza baba mkwe wangu tangu alipoanza kukohoa damu mpaka alipokatwa kipande cha pafu, na karibu muda wote huo nilikuwa na kinyaa. Kanisani watu husimulia kuuguza kama kazi ya malaika. Mimi nilikuwa nabana pumzi. Alitemea kwenye kopo la rangi lililowekwa mchanga, makohozi ya kahawia, mazito, yenye nyuzi nyekundu ndani yake. Kopo hilo nililimwaga mimi kila asubuhi, halafu nanawa mikono mpaka inauma, ndipo nikande unga wa chapati za wateja.

Nina mgahawa mdogo Runzewe. Mume wangu anashinda mashimoni upande wa Geita, na akija nyumbani ni kula, kulala na kufuliwa nguo. Baba yake aliwaacha ng'ombe wake kijijini, karibu na Kolandoto, mikononi mwa mtoto wake mkubwa, akaja huku kusimamia karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Alifanya kazi hiyo miaka mingi bila kujifunga hata kitambaa puani. Akichoka vumbi anakaa pembeni anavuta sigara. Jioni akirudi, kope zake zilikuwa nyeupe, na alipojifuta pua leso ilibaki na uji wa kijivu.

Kwetu mke wa mtoto hamgusi baba mkwe. Unampigia goti, unamwekea chakula, unaangalia pembeni. Lakini mama mkwe alishafariki, mawifi wameolewa mbali, na mzee alikuwa amefika mahali hawezi kuvua shati mwenyewe kwa maumivu ya bega. Ikawa lazima nimguse. Yeye aliona aibu, mimi nilisikia kichefuchefu, na wote wawili tukawa tunaangalia ukutani.

Zahanati walimtibu kifua kikuu. Makohozi hayakuonyesha vijidudu, lakini mtu anatoka machimboni, anakohoa, anakonda. Wakaona ndicho chenyewe. Alimeza dawa zote mpaka mwisho na kikohozi kikabaki palepale. Ndipo shemeji yangu mkubwa, yule wa kijijini, akatokea na mganga.

Mganga alikula kwanza. Nilimpikia sangara na ugali, akala akilamba vidole. Kisha akamlaza mzee chali kwenye mkeka, akamchanja kifuani kwa wembe, akabandika mdomo wake pale penye damu na kuanza kunyonya. Mlio ule nausikia mpaka leo. Alipoinua kichwa alitema kwenye sahani yangu mate mekundu, na katikati ya mate kulikuwa na mwiba.

"Huu ndio uliokuwa unamla," alisema. "Umetupwa na jirani."

Shemeji akashika kichwa kwa mshangao. Mimi niliutazama ule mwiba. Ulikuwa wa sangara wangu, na kipande cha nyanya bado kimeng'ang'ania.

"Baba," nilimwambia mzee baada ya mganga kuondoka, "kesho tunaenda hospitali."

"Shemeji, usiingilie mambo ya ukoo," shemeji akasema.

Mzee akakohoa, akatema, akafuta midomo. "Nitaenda na mkwe," akasema. "Wewe rudi kwa ng'ombe."

Picha ya kifua ilionyesha uvimbe. Wakatuandikia rufaa ya Mwanza, na huko wakampitisha kwenye kipimo cha CT, kisha wakamchoma sindano ndefu katikati ya mbavu na kutoa kinyama kidogo cha kupima. Majibu yalipotoka tuliitwa na daktari wa upasuaji, mama wa makamo mwenye sauti ya chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, hii ni saratani ya pafu. Iko sehemu ya juu ya pafu la kulia, na imeshagusa tezi za jirani yake. Haijafika kwenye ini wala kwenye ubongo. Hapo ndipo tulipopata nafuu."

"Basi nikate, uitoe."

"Nikikata leo nitaacha mabaki, na mabaki yatakua tena. Tutaanza na dawa za dripu ili uvimbe usinyae. Ukisinyaa, nitakata. Ukipona kidonda, tutapiga mionzi pale kwenye tezi. Kwa ugonjwa ulipofikia, kimoja peke yake hakitoshi." Akainama kumtazama vizuri. "Na sigara, baba. Ukiendelea kuvuta sikuingizi chumba cha upasuaji. Pafu litajaa makohozi baada ya kukatwa, na hayo ndiyo yatakayokuua."

"Nimeshaacha," mzee akajibu, na harufu ya sigara ikatujia wote.

Tulipanga chumba mlimani, kwa sababu safari za kwenda na kurudi Runzewe zingemmaliza. Mgahawa nikamwachia mdogo wangu. Dawa zilimpiga vibaya. Alitapika kwenye beseni, alitapika kwenye shuka, siku nyingine alitapika mikononi mwangu kabla sijafikia beseni, maji ya njano yenye harufu ya chuma. Nywele zilimdondoka zikaingia kwenye uji. Mdomo ukajaa vidonda vyeupe. Nilipokuwa namsafisha ulimi kwa pamba nilifunga macho, naye akadhani nasali.

"Asante, ng'wanawane," alisema, yaani mwanangu. "Mungu atakusikia."

Sikumsahihisha.

Kisha siku moja, tukiwa tumeenda kliniki kuchukua dawa, nilimkuta nyuma ya jengo la kufulia. Amekaa juu ya tofali, kipara kinang'aa, midomo imepasuka inatoa majimaji, na katikati ya midomo hiyo kuna sigara. Alivuta, akakohoa, akatema damu kidogo chini, akavuta tena. Sijawahi kuona kitu kilichonichukiza kama hicho. Matapishi yake, kinyesi chake, vyote nilivimeza moyoni kwa sababu havikuwa hiari yake. Hiki alikichagua.

Nilimnyang'anya, nikaikanyaga.

"Mdomo wangu una ladha ya kutu," alisema bila kuniangalia. "Hii tu ndiyo inayoiondoa."

"Baba, mimi nimeacha kazi yangu nashika matapishi yako. Kama unataka kufa, niambie sasa hivi nikapande basi. Utavuta mpaka uchoke, wala hakuna atakayekusumbua."

Sikuwahi kumwambia mkwe maneno kama hayo, na sikumpigia goti. Mzee akaingiza mkono mfukoni, akatoa pakiti, akanipa. Akaingiza kwenye soksi, akatoa nyingine.

Hakuvuta tena. Kipimo kilichofuata kilionyesha uvimbe umepungua, na yule mama daktari akapanga siku.

Walitoa sehemu ya juu ya pafu la kulia pamoja na tezi. Baadaye daktari alinionyesha picha kwenye simu yake, kwa sababu nilimwomba. Ilikuwa nyama ya rangi ya mkaa, na ndani yake donge jeupe gumu. Nilifikiria kope zake za jioni. Nilitoka nje nikatapika kwenye mtaro.

Wodini alikuwa na mpira uliotoka ubavuni ukaishia kwenye chupa ya maji sakafuni. Akikohoa, mapovu yanapanda ndani ya chupa, na damu nyepesi inashuka. Nesi alinifundisha: chupa ibaki chini ya kifua siku zote, isiinuliwe, maji yasije yakarudi ndani. Nikafundishwa pia kumkandamizia mto kwenye kidonda ili akohoe kwa nguvu. Kwa hiyo nikawa natafuta makohozi niliyokuwa nayakimbia. "Toa, baba. Toa yote," namwambia, nayo yanatoka, na mimi nayachunguza rangi.

Shemeji alikuja kutusalimia siku hizo. Alivaa viatu vipya. Akaishika chupa, akaiinua usawa wa macho yake aone vizuri.

"Weka chini!" nilipiga kelele mpaka wodi nzima ikageuka. Nesi alikimbia akaubana mpira kwa koleo, akamtoa shemeji nje. Mzee hakudhurika.

Nilimfuata shemeji kwenye korido kumweleza kwa nini nilipiga kelele. Hakusikiliza. Aliniuliza polepole, "Hivi, daktari anasema ana muda gani?"

"Kwa nini?"

"Tujipange tu. Nimeshauza ng'ombe wengi. Nimenunua karasha. Nilijua hatarudi."

Alisema hivyo huku akitafuna kashata. Makombo yalikuwa kwenye ndevu zake. Nilitamani kumtemea.

Mzee alirudi. Mionzi ilimbabua ngozi ya kifua ikawa nyeusi, koo likamuuma hata maji yalimshinda, lakini ilikwisha. Tulipofika kijijini zizi lilikuwa na ng'ombe wachache waliokonda. Shemeji akaeleza habari ya mashine, kwa mbwembwe, na mwisho akasema, "Baba, ukipata nguvu utanisimamia. Hakuna anayeijua karasha kama wewe."

Nilisubiri mzee alipuke. Aliuliza tu, "Injini ni ya dizeli?"

Nilitoka nje nikaenda kusugua masufuria.

Hakwenda kusimamia, ila si kwa hasira. Alisema pumzi haimtoshi, na mashine inataka mtu wa kupiga kelele. Kwa mtoto wake aliomba mambo mawili, ayamwagie mawe maji kabla ya kusaga ili vumbi lisiruke, na wafanyakazi wajifunge pua. Shemeji alicheka. Sijamsamehe, na hajaniomba.

Sasa mzee anakaa kijijini. Anatembea taratibu nyuma ya ng'ombe waliobaki, kwenye kijiinuko anasimama, anashika kiuno, anaendelea. Siku za kliniki tunakutana Mwanza, yeye akitokea kwake na mimi kwangu. Mara ya mwisho daktari alitazama picha, akasikiliza mgongo wake kwa muda, akasema haoni kitu kipya. Mzee akauliza kama anaruhusiwa kula samaki wa kukaanga. Akaruhusiwa, tukaenda kula.