Mchora Mabango Aliyejifunza Kuudundisha Mpira

Saa tatu asubuhi, kabla wateja hawajaanza kumiminika, mwanamume mwenye mvi za kuhesabika ameinamia kompyuta kwenye kona ya duka la uchapishaji. Anasogeza kipanya taratibu, ncha ya ulimi imetokeza pembeni mwa mdomo. Kwenye skrini mpira mwekundu unaanguka, unabonyea ukigusa chini, kisha unaruka tena.

"Umeuona?" anauliza bila kugeuka. "Huu una uzito. Wa kwanza ulikuwa unaelea tu kama moshi."

Mtaani wanamwita Brashi. Kwa zaidi ya miaka ishirini alichora kwa mkono mabango ya vinyozi, mabucha na maduka ya dawa. Kisha zikaja mashine za kuchapisha. Bango la kumkalisha siku nzima juu ya ngazi, mashine ikawa inalitema kabla mteja hajamaliza soda yake.

"Nikabaki nyumbani natazama dari," anasema. "Mke wangu akawa ananipita kama anavyolipita kabati."

"Kabati halinuni," anadakia mkewe, fundi cherehani, aliyemletea chai.

Siku moja Brashi alijikaza akaja hapa, kwenye duka lilelile lililomnyang'anya wateja, kuuliza kama kuna wa kununua rangi zake zilizobaki. Mwenye duka, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alimkazia macho.

"Si wewe uliyemchora yule simba wa bucha?"

"Ndiye mimi."

"Rangi zako sizitaki. Wewe nakutaka. Keti."

Mama huyo alikuwa ameweka kwenye kompyuta programu ya kutengenezea katuni za matangazo, lakini dukani hakuna aliyejua kuchora. Kazi ya kumfundisha Brashi akapewa binti anayesimamia mashine.

"Siku za mwanzo alikuwa anakiinua kipanya hewani kama brashi," binti anakumbuka, akicheka. "Namwambia, baba, kishushe mezani!"

Yaliyofuata hayakuwa ya kuchekesha. Tangazo lake la kwanza, la mwoka mikate, lilikuwa limekaribia kuisha umeme ulipokatika. Hakuwa amelihifadhi. Brashi alichukua koti lake, akaondoka bila kuaga.

Binti alimkimbilia hadi barabarani. "Baba, umeme umekula picha. Mikono yako haujaigusa. Turudi."

"Nikaitazama mikono yangu," Brashi anasema. "Nikarudi."

Leo, kwenye skrini ya duka la mikate, mkate unachungulia kutoka tanurini, unajipangusa unga na kupiga chafya. Watoto wanawavuta mama zao wasimame waangalie. Mwoka mikate ameshaagiza tangazo jingine.

"Huyu mama angeweza kunifukuza, na nisingemlaumu," Brashi anasema. "Na huyu binti angeweza kuniacha niende zangu. Nikiwashukuru wananiambia niache maneno nifanye kazi. Basi nafanya kazi."

Sasa anaandaa katuni fupi ya kuku anayeogopa mvua, hadithi ambayo mkewe huwasimulia wajukuu. Anataka sauti iwe ya mkewe mwenyewe, wajukuu waisikie hata watakapokuwa watu wazima.

Mkewe amekubali, kwa sharti moja. "Huyo kuku asifanane na mimi."

Brashi anakuna kidevu. "Nimeshamchora," anasema. "Lakini mmefanana mdomo tu."