Chai Aliyoletewa Meneja

Siku yangu ya kwanza kiwandani, meneja wa uzalishaji alinipa kijiko, akanifundisha kuonja: vuta chai kwa kelele, izungushe mdomoni, iteme. Nilikuwa nimetoka upande wa ziwa na cheti changu, najiona msomi kweli.

"Ulimi wako ndio macho yangu," akaniambia. "Ukidanganywa wewe, nimedanganywa mimi."

Sampuli ni konzi ya chai inayochotwa kwenye mdomo wa draya, ile mashine ya kukaushia majani kwa hewa moto. Tukiionja ndipo tunajua kama moto upunguzwe. Siku hizi ninyi vijana mna kompyuta za kila aina, lakini bado kuna mtu anayechota. Wakati wetu alikuwa Mzee Rono, msimamizi wa draya, mtu wa Silibwet, mpole ajabu. Sampuli zake zilikuwa nzuri kila siku.

Halafu wanunuzi wa Mombasa wakaanza kulalamika kwamba chai yetu imeungua. Meneja akalaumu magunia, akalaumu lori, akahamisha hata stoo. Moto haukuguswa, kwa kuwa sampuli ilisema uko sawa. Jamani, tulihangaika! Wanunuzi wakatuhama mmoja mmoja.

Mwishowe nikashuka mwenyewe kwenye draya. Nikamkuta Mzee Rono anachambua chai kiganjani, anatupa iliyoungua, anabakisha nzuri. Nikamuuliza anafanya nini. Akanishangaa.

"Madam, hii ni ya meneja. Mtu mkubwa utampelekea chai mbaya?"

Hakuwa mwongo. Kwao, na kwetu pia, mkubwa hapewi makombo. Nikamweleza kwamba hiyo mbaya ndiyo tuliyoihitaji, akaitikia kwa heshima tu. Nikaripoti, maana ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya. Alifutwa kazi, na kwa kuwa wanunuzi walishatuhama, shifti moja ikafungwa. Iliniuma, na bado inaniuma.

Nilipostaafu nikaenda kumwona. Kifua kilikuwa kinamkoroma. Alisema ni vumbi la zamani tu, yuko sawa kabisa, akaniongezea maziwa. Mkewe aliponisindikiza hadi barabarani akaniambia mumewe anatema damu, na hata mbele ya daktari husema hivyo hivyo, kwamba yuko sawa. Nikarudi ndani.

"Mzee, niambie ukweli."

"Umetoka mbali, madam," akasema. "Kunywa chai kwanza."

Tulimzika kabla mvua haijaanza.