Vijiko Viwili vya Dawa ya Kahawa

Aibu hii nimeikalia kimya miezi minne sasa, na ningeendelea kuikalia, ila kwa kuwa nusu ya ukoo wetu waliiona kwa macho yao na nusu nyingine wamehadithiwa kwa chumvi nyingi, bora niieleze mwenyewe, mcheke mnapotaka kucheka, halafu mninyamazie.

Kaka yangu Elia alikuwa fundi wa majokofu, na sebuleni kwake Makumira alikuwa na tangi la kioo lenye maji ya bahari, matumbawe hai, konokono watano, samaki wawili wa rangi ya chungwa na kamba mmoja mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni. Bahari kwetu ni mbali, ndiyo, na ukoo mzima tulimwona kaka ana wazimu kidogo (marehemu baba aliwahi kumuuliza hao samaki wataliwa lini), lakini kila Jumamosi alikuwa anakoroga chumvi ya paketi kwenye maji yaliyochujwa, anatoa ndoo mbili za zamani, anatia ndoo mbili mpya, anaandika kwenye daftari. Akimaliza anazamisha mkono, na yule kamba anatoka kwenye jiwe lake, anampanda vidoleni na kuanza kumsafisha kucha. Baada ya Elia kufariki, kamba alikubali mkono mmoja tu, wa Upendo, binti yake wa miaka kumi na mmoja.

Siku ya mazishi nilisimama mbele ya watu, bila kuombwa na mtu, nikasema tangi la kaka nitalitunza mimi. Nilisema kwa sauti kubwa kabisa, maana mimi ni mwalimu wa baiolojia, na nilidhani hiyo inatosha.

Miezi ya kwanza nilijitahidi. Halafu vikaja vikao vya harusi, mnavijua wenyewe, leo cha binamu, kesho cha jirani, na vyote Jumamosi. Shemeji, mjane wa Elia, ni muuguzi, Jumamosi yuko zamu, Upendo yuko darasa la kipaimara, kwa hiyo nyumbani hakuna wa kunihesabia ndoo. Nikawa napita mbio mbio, natupia chakula cha wiki nzima ili nisirudi katikati, naacha taa inawaka, na kwenye daftari naandika “ndoo mbili” kama kawaida. Naam, niliandika. Chini ya mwandiko wa marehemu.

Mwani haudanganyiki na daftari. Alhamisi moja nilipita nikakuta kijani kimeshika mawe yote, kimening'inia kwenye matumbawe kama nywele, kioo hakionyeshi ndani. Na Jumapili ilikuwa ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja wa Elia, hapo hapo sebuleni, na shemeji alishaniambia kwamba baada ya sala Upendo ataonyesha watu jinsi baba yake alivyokuwa anasalimiana na kamba. Mtoto alikuwa amejizoesha wiki nzima, na ndicho kitu pekee alichoomba kifanyike siku hiyo.

Ukurasa wa kwanza wa daftari kaka ameandika wazi: mwani ukizidi punguza chakula, punguza saa za taa, sugua kwa mkono, badili maji, ngoja wiki sita, usitie dawa yoyote. Nilisoma. Wiki sita sina, nina siku tatu. Basi nikamkumbuka baba kule Nkoaranga, jinsi alivyokuwa anatia punje kidogo ya ile dawa ya bluu ya kahawa, ya kunyunyizia mibuni, kwenye pipa la maji ya kumwagilia, kijani kinaisha chenyewe. Mtoto wa mkulima wa kahawa ukishakua na ile dawa huoni sumu, unaona kitu cha nyumbani tu. Na kwamba ndani yake kuna shaba, na shaba inaua kamba na konokono kabla haijamaliza mwani, hayo yamo kwenye vitabu ninavyofundishia. Nikatia kijiko kimoja.

Jumamosi mwani ulikuwa umepauka, maji yanang'aa. Nikapiga picha nikaituma kwenye kundi la familia, pongezi zikamiminika, shangazi mmoja akaandika kwamba Elia amepata mrithi. Hiyo ndiyo iliyonimaliza. Jumapili asubuhi nikaona bado kuna kijani kidogo pembeni, na mimi niko ndani ya shati jeupe na koti, nikaongeza kijiko cha pili ili mrithi asiumbuke. Wageni walipoanza kubisha hodi nikawaona konokono wote watano wako chini, chali. Nikawachota haraka, nikawafunga kwenye leso, nikaitia mfukoni.

Mchungaji akasali vizuri sana. Mama yangu, aliyeshuka kutoka Nkoaranga na kitenge chake kipya, alikuwa kiti cha mbele, karibu na tangi. Upendo akakunja mkono wa gauni, akazamisha vidole, akatulia. Tukangoja. Mtoto haondoi macho kwenye lile jiwe. Nikamwona kamba kabla yake, amelala ubavu nyuma ya jiwe, anachezeshwa na maji.

Hapo ndipo ningepaswa kusema kweli. Badala yake nikasimama, nikavaa sauti ya darasani, nikawaeleza wageni kwamba kamba ana desturi ya kujivua gamba, na akishajivua hujificha siku mbili tatu, hivyo wasishangae. Nikaeleza kirefu (mchungaji alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa heshima), jasho linanitiririka, nikaingiza mkono mfukoni nikatoa leso nijifute.

Konokono wakamwagika kwenye vigae. Mmoja alibingirika hadi kwenye kiatu cha mchungaji.

Mama akainama akaokota mmoja, akamtazama, kisha akanishika mkono na kugeuza pindo la mkono wa shati langu. Lilikuwa na doa la bluu ambalo mimi mwenye shati sikuliona.

“Hii ni dawa ya kahawa,” akasema. “Umeitia kwenye maji ya Elia?”

“Kidogo tu, mama.”

“Kiasi gani?”

“Vijiko viwili.”

Upendo alikuwa bado ana mkono majini. Akanigeukia.

“Baba mdogo, kwa hiyo hajajivua gamba?”

“Hapana. Amekufa. Nimemuua mimi.”

Shemeji hakunigombeza. Alichukua daftari juu ya kabati, akapitisha kidole kwenye Jumamosi zangu, moja moja, akauliza kama hizo nazo ni uongo, nikamjibu mbele ya mchungaji na shangazi wa pongezi kwamba nyingi ni uongo. Mama akamwambia mjukuu wake atoe mkono, maji yana sumu, akampeleka jikoni akamwosha kwa sabuni, kidole kwa kidole, na huko jikoni ndiko tulikomsikia Upendo akianza kulia. Sijawahi kujidharau kama nilivyojidharau nikiwa nimesimama pale na leso tupu.

Matumbawe yalikufa wiki ile ile. Samaki wawili wanaishi, shaba hawakuijali. Na mwani, mtanicheka, ulirudi baada ya majuma matatu, mnene kuliko mwanzo, maana ulipata mizoga ya kula. Mawe yalikuwa yamekunywa shaba, nikayatoa yote, nikaanza upya kwa njia ya Elia: kusugua, kupunguza taa, ndoo mbili, kungoja. Vikao vya harusi nimeviaga. Dawa nyumbani kwa kaka sitii tena, hata ya mbu.

Kamba mwingine sijathubutu kumtaja. Jumamosi iliyopita, baada ya ndoo ya pili, Upendo alizamisha mkono kwenye maji yasiyo na kitu, akauacha humo kidogo, akaufuta. Daftari siandiki mimi siku hizi, anaandika yeye. Zile Jumamosi zangu za uongo amezikata zote kwa mstari, na chini yake, kwa mwandiko unaofanana na wa baba yake, kila wiki anaandika maneno yale yale: “Baba mdogo amekuja. Nimemwona.”