Gari Lililoamkia kwa Kijapani

Gari lile nililichukia kabla halijanikosea. Lilikuwa limeegeshwa Makanya kando ya lami, jekundu, fupi, limelala chini kiasi kwamba mbuzi angeliruka bila kujikaza, na paa halipo. Aliyeliegemea alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu, na miwani yake ya jua, anatabasamu kama anayesubiri kupigwa picha. Mimi na mama tulikuwa tumeteremka kutoka Suji, kule mlimani, kwa gari la mizigo la jirani, maana kidude chake kisingepanda hata kona ya kwanza.

Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alibakiza kuona mwanga na vivuli tu, na mimi alinitambua kwa sauti. Kesho yake saa mbili asubuhi alitakiwa afanyiwe upasuaji hospitalini Moshi. Daktari alikuwa ameniambia bila kuzunguka: asikae kwenye moshi, asikae kwenye vumbi, asiyafikiche, kwa sababu jicho jekundu yeye haligusi. Kwa majuma mawili nilimfukuza mama jikoni kwake mwenyewe. Aliniita askari jela. Nikakubali kuitwa hivyo, mradi macho yafike Moshi yakiwa safi.

Tulikuwa tupande basi. Mdogo wangu akapiga simu kutoka Dar, eti basi la nini wakati yeye yupo. Yupo! Mama anaumwa malaria, hayupo. Bati la jikoni linang'olewa na upepo, hayupo. Siku ya kuonekana na watu, huyo hapo, na gari la wazi.

Wala hakufungua mlango tukapanda. Alituhubiria kwanza. Paa ni la chuma, linajikunja lenyewe na kujilaza kwenye buti wakati wewe unahesabu mpaka ishirini. Viti vina matundu ya kukupuliza hewa ya moto shingoni. Makanya, jua lile, mtu apulizwe hewa ya moto shingoni! Kuna kitufe cha kuifanya injini ingurume zaidi. Kuna sensa za kupima upepo wa matairi, kwa hiyo tairi la akiba hakuna, kuna kopo la povu la kuzibia pancha tu. Nikanyoosha kidole kwenye skrini niulize ile michoro ni ya nini, akausukuma mkono wangu.

"Dada, usiguse. Hii siyo cherehani."

Watu waliokuwa pale wakacheka. Mimi ni fundi cherehani, na kwa cherehani hiyohiyo yeye alisoma mpaka akaondoka Upareni. Nikamshika mama mkono aingie.

Gari lilikuwa limetokea Japani, kwa hiyo liliongea Kijapani. Lilipowashwa tu, sauti ya binti ikatoa maneno marefu, laini. Mama akageuza kichwa.

"Huyu binti ni wa nani? Mbona haamkii wakubwa?"

Mdogo wangu, ambaye Kijapani anakijua kama mimi ninavyojua kurusha ndege, akajibu kwamba ameamkia, ila kwa lugha ya kwao. Mama akaridhika. "Marahaba, binti," akasema, na tangu hapo kila gari lilipoongea, mama aliitikia.

Likaja suala la mzigo. Mama hawezi kwenda kwa daktari hivihivi, mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo alikuwa na kiroba cha ndizi, maharage na tangawizi. Paa lililojilaza kwenye buti lilikuwa limekula nafasi yote, ikabaki sehemu ndogo chini ya ubao mwembamba unaotenganisha paa na mizigo. Mdogo wangu akakisukuma kiroba kwa goti. Nikasikia tak! Ubao ukachomoka kwenye ndoano upande mmoja. Yeye hakusikia, alikuwa anawapungia watu mkono. Mimi nikabanwa kiti cha nyuma, magoti kidevuni, mahali ambapo kwa kawaida husimamishwa wavu wa kuzuia upepo. Wavu wenyewe nikaukalia.

Anayeujua upepo wa Same anaujua. Kabla hatujafika mjini ulikuwa umeanza kutupiga ubavuni na vumbi lake jekundu la tambarare. Mama akajifunika khanga uso mzima. Ilipepea mara moja, nikaidaka, nikamfunga upya kutokea nyuma.

"Baba, funga huko juu," mama akamwambia.

Akapunguza mwendo, akabonyeza. Kitu kikalia ti, ti, ti. Kwenye skrini likatokea gari limechorwa kwa ubavu, na ndani ya buti mstari mwekundu unawaka na kuzima. Binti akasema maneno yake.

"Marahaba," mama akajibu chini ya khanga.

Mdogo wangu akabonyeza tena, na tena. Akasema ni joto. Akasema ni sensa. Akasema ingekuwa mimi sipo huko nyuma angesimamisha wavu na mama asingepata shida. Mimi nilikuwa nautazama ule mstari. Mtu anayekata kola na mikono ya gauni kwa kufuata michoro hahitaji kujua Kijapani. Ulikuwa ule ubao. Gari lilikuwa linakataa kulitoa paa mpaka ubao urudi kwenye ndoano. Nilichotakiwa kusema ni maneno manne: ubao umechomoka, simama niurudishe.

Sikuyasema. Nilitaka kumkomoa. Nilitaka asimame Same mjini mbele za watu, gari limemgomea, jasho linamtoka. Wanaosema hasira hasara hawajawahi kuambiwa hii siyo cherehani. Nikajiambia, tukifika Same nitasema.

Same akasimama kituo cha mafuta. Akatoa kitabu cha gari, Kijapani kitupu, akakishika kama anayesoma. Akampigia simu fundi wake wa Dar, wakaelekezana vitufe. Madereva wa malori wakamzunguka, mmoja akamshauri alinunulie gari lake mwavuli. Nilifurahi. Naandika hivi kwa kuwa ndiyo kweli, nilifurahi mpaka nikauma midomo nisicheke. Mama akauliza kama tumefika. Nikamwambia bado, nikajiambia tukifika Mwanga nitasema.

Mbele ya Same kulikuwa na matengenezo ya barabara, tukateremshwa kwenye njia ya pembeni, vumbi jeupe kama unga, na lori mbele yetu. Mama akakohoa. Kisha nikaona kiwiko chake kinakwenda na kurudi chini ya khanga. Nikamdaka mkono.

"Yanawasha," akasema.

Hapo ndipo ilipobidi niseme, na hapo ndipo nilipogundua siwezi tena, kwa sababu ningeulizwa nimejua tangu lini. Nikamfuta machozi kwa upindo wa khanga uliokuwa na vumbi vilevile. Mwanga tukaipita nimemshika mama mkono asijifikiche tena.

Moshi, kwenye nyumba ya wageni, kabla hatujashuka, mdogo wangu alivuta kiroba cha mama nje na ubao ukaanguka mahali pake. Akabonyeza kwa kujaribu tu. Paa likainuka taratibu, likajikunjua, likakaa sawasawa juu yetu. Alicheka kwa furaha, akaniambia gari limejitengeneza lenyewe, eti teknolojia hiyo, dada. Ningeweza kumtwanga kwa kile kiroba.

Asubuhi daktari alimwinua mama kope, akamulika, akazima tochi. Macho yalikuwa mekundu, yamevimba, yameshikana kwa tongotongo. Aliuliza tumempitisha wapi. Hakutukemea. Aliandika dawa ya matone na kusema upasuaji hauwezekani, nafasi nyingine itakuwa baada ya Pasaka, na hata hapo inategemea vumbi lile limeacha nini. Mpaka Pasaka ilikuwa miezi mitano.

Mdogo wangu alilia pale pale kwenye korido, mtu mzima na miwani yake mkononi. Alisema kosa ni lake, gari ni lake, mbwembwe ni zake. Alimpigia mama magoti. Mama akakipapasa kichwa chake mpaka akakishika vizuri.

"Usijilaumu, baba. Gari la kigeni, nani angelijua? Dada yako angejua, si angesema?"

Kisha akageuza uso upande niliokuwepo, akasubiri.

"Ningesema, mama," nikamjibu.